Kila Kiumbe na Ngao Yake

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni)

Neno la leo ni la kila mtu aliye na mzee nyumbani.

Nataka tuzungumze juu ya wanyama, jinsi wanavyojikinga na hatari. Huenda mwingine atasema, "Mchungaji, hayo si mahubiri, hayo ni masomo ya darasani." Lakini Biblia yenyewe haioni haya kututuma kwa wanyama ili tukajifunze. Fungua Mithali sura ya 30, kuanzia mstari wa 24. Utakuta viumbe wanne wadogo wanaosifiwa kwa akili zao, na mmoja wao ni wibari, yule ambaye wengi wetu tunamwita pimbi. Pimbi hana pembe, wala hana mbio za kumshinda chui. Ngao yake ni mwamba. Anajua udhaifu wake, na anajua pa kukimbilia.

Basi tusione kwamba kujikinga ni jambo baya. Mwenyezi Mungu hakuumba kiumbe akakiacha uchi mbele ya adui zake. Kila kimoja alikipa ngao. Hebu tuzitazame ngao chache za hapa kwetu, kutoka Kilifi mpaka Malindi, halafu tujiulize sisi wanadamu tunajikinga namna gani.

Ngao ya kwanza ni kujificha.

Wavuvi wa Takaungu, Mida na Mayungu wanamjua pweza. Maji yakiwa makavu hupita mwambani wakichungulia mashimo, na mgeni aliyefuatana nao haoni kitu. Pweza yupo pale pale mbele ya macho yake, lakini amegeuza rangi ya ngozi yake ikawa rangi ya jiwe, hata ule ukwaruzo wa jiwe ameuiga. Akigunduliwa hutoa wino mweusi, maji yakachafuka, naye akapata nafasi ya kuteleza na kwenda zake. Mnyama huyu hana mfupa hata mmoja, lakini Mungu hakumsahau.

Barani yuko kifutu, nyoka mnene aliyepambwa kwa rangi za majani makavu. Huyu hakimbii upesi kama nyoka wengine. Yeye hutegemea kutulia. Hulala kimya kando ya njia akitumaini kwamba utapita bila kumwona, na kwake hilo ndilo lingekuwa jambo jema. Ukimkaribia mno hujijaza pumzi na kufoka. Akikanyagwa, basi huuma. Likumbukeni sana jambo hili, maana tutalirudia: kifutu hakuja kukutafuta. Wewe ndiwe uliyemkanyaga gizani.

Ngao ya pili ni kuonya kabla ya kuumiza.

Nungunungu akitishwa husimamisha miiba yake na kuitikisa ile ya mkiani mpaka ilie kama kayamba. Ni kama anasema, "Rudi nyuma, mimi sitaki ugomvi." Watu husimulia kwamba anarusha miiba kama mishale. Si kweli. Miiba yake hung'oka na kubaki katika mwili wa yule aliyemsogelea mno. Anayedharau onyo ndiye anayechomwa.

Baharini tunaye bunju. Akishikwa hunywa maji mpaka akavimba kama mpira, samaki mkubwa akashindwa kummeza. Na ndani ya mwili wake, hasa katika maini na mayai, mna sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Wazee wa pwani hawakuhitaji kuambiwa na daktari. Bunju hatiwi chunguni.

Tena yuko swila, fira atemaye mate. Hapa Watamu katika kaunti yetu ya Kilifi kuna kituo cha nyoka kiitwacho Bio-Ken, kilichoanzishwa na marehemu James Ashe. Mwaka 2007 wataalamu walitambua kwamba swila mkubwa wa rangi ya kahawia anayepatikana pwani yetu ni aina ya peke yake, nao wakampa jina la mzee huyo. Swila huyu huweza kupita urefu wa mita 2, na mate yake hufika mbali, akilenga macho. Lakini sikilizeni: hatemi mate ili apate chakula. Akiwinda panya au chura humwuma. Mate ni ya kujitetea peke yake. Kwa silaha hiyo amfukuza adui bila kumgusa, naye akapata kwenda zake. Ikiwa mtu ametemewa machoni, mwosheni kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali.

Ngao ya tatu ni kupoteza kidogo ili uhai upone.

Mjusi kafiri wa ukutani, akishikwa na paka, huuachia mkia. Mkia unabaki ukirukaruka sakafuni, paka anaushangaa, na mwenye mkia ameshaingia darini. Baadaye huota mwingine. Jongoo bahari naye akisumbuliwa huweza kutapika baadhi ya matumbo yake, na aina nyingine hutoa nyuzi zinazonata zikamtatiza adui. Viungo vile vilivyopotea hurudi kumea.

Na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ule ulio kati ya Kilifi na Malindi wenye eneo la kilomita za mraba kama 420, anaishi mnyama mdogo ambaye kwa wingi wake hapatikani mahali pengine duniani ila katika misitu ya pwani hii yetu. Anaitwa sengi, wengine humwita isanje. Ni kama panya mkubwa mwenye miguu mirefu na pua ndefu kama mkonga, uzito wake kama nusu kilo. Nyuma, karibu na mkia, ana baka la manjano kama dhahabu. Mtu atajiuliza, mnyama dhaifu namna hii mbona amepewa alama inayoonekana waziwazi? Wataalamu waliomchunguza, wengine wakimfuatia pale kwenye magofu ya Gedi, walikuta kwamba ngozi iliyo chini ya baka lile ni nene kuliko ya mgongoni. Yaelekea kwamba adui anayemfukuza huvutwa na ile dhahabu akapiga pale, na pale ndipo penye ngao.

Sengi ana werevu mwingine. Akimwona adui angali mbali, hapotezi nguvu kwa kukimbia ovyo. Hupigapiga majani makavu kwa mkia wake. Mlio ule humwambia mwindaji, "Nimekwisha kukuona." Na mwindaji aliyeonekana mara nyingi huondoka.

Ngao ya nne, ndugu zangu, ndiyo niliyotaka tufike. Ni kuambiana.

Tumbili tunawajua sote, maana wametumalizia mahindi na maembe. Lakini hata mwizi ana jambo la kutufundisha. Kule Amboseli, wataalamu Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwachunguza tumbili, wakatangaza waliyoyaona mwaka 1980. Waligundua kwamba tumbili hana ukelele mmoja wa hatari. Anao ukelele wa chui, anao wa tai, na anao wa nyoka. Wataalamu walizinasa sauti hizo, wakaficha vipaza sauti vichakani, wakazipiga wakati hakuna hatari yoyote. Tumbili waliposikia ukelele wa chui walipanda mitini. Waliposikia ule wa tai walitazama juu au wakakimbilia vichakani. Waliposikia ule wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakakagua majani chini.

Mwaona jambo hili? Kila hatari ina jina lake na kila hatari ina dawa yake. Anayekimbilia juu ya mti wakati hatari ni tai, amejipeleka mwenyewe kwa adui. Haitoshi kuogopa. Yafaa kujua unaogopa nini.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Watoto wa tumbili hukosea. Mtoto huona njiwa akipita akapiga ukelele wa tai. Wakati mwingine ni jani tu linaloanguka kutoka mtini, naye apiga kelele, "Tai! Tai!" Wakubwa hufanyaje? Hutazama juu. Wakiona ni jani, hunyamaza wakaendelea kula. Wakiona kwamba kweli ni tai, ndipo nao hupiga ukelele ule ule, na kundi zima likajificha. Ndivyo mtoto anavyojifunza. Mkubwa hamwigi mtoto mpaka atazame mwenyewe kwanza.

Wapenzi wasikilizaji, nikifika hapo moyo wangu unakuwa mzito, maana nalikumbuka jambo linalotokea katika vijiji vyetu.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka alfajiri kwenda shambani. Hana taa, hana viatu, na njia imefunikwa na majani. Anakanyaga kifutu, anaumwa mguuni. Anapelekwa kwanza kwa mganga, anachanjwa, anafungwa kamba, anawekewa jiwe la nyoka lisilonyonya sumu yoyote. Saa zinapita. Anapofikishwa hospitali hali imekwisha kuwa mbaya, na siku ya pili anafariki. Huzuni ni kubwa, na hakuna awezaye kuwalaumu wazazi kwa kulia.

Lakini matanga hayajaisha, unasikika ukelele. Mmoja anasema, "Nyoka huyu alitumwa." Mwingine anauliza, "Ametumwa na nani?" Na macho yote yanageukia nyumba moja pale pembeni, ya bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60, au ya babu mwenye mvi aliyekataa kuuza kipande chake cha ardhi. Jani limeanguka, na kijiji kizima kinapiga kelele, "Tai!"

Hakuna mkubwa aliyetazama juu.

Ninyi mnaokaa Ganze, Kaloleni, Magarini na Malindi mnajua yanayofuata. Kwa miaka mingi sasa wazee wa kaunti yetu ya Kilifi wameuawa kwa panga na kwa moto kwa kushukiwa uchawi. Wengine wamekimbia makwao. Huko Kaya Godoma, Ganze, kumekuwa na mahali pa kuwahifadhi wazee waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Na mara nyingi, vumbi likitulia, huonekana kwamba chini ya neno "mchawi" palifichwa neno lingine, nalo ni shamba. Mzee amekufa, na wale waliopiga ukelele wa kwanza wanapima mipaka.

Nimesema kwamba pweza hugeuza rangi yake ili adui asimwone. Hebu nisikilizeni, ninyi vijana. Wako wazee katika kaunti hii wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, na hawafanyi hivyo kwa urembo. Wanaficha mvi zao ili wasiuawe. Hawe na tsawe zetu wamefikia kujikinga kama pweza mwambani, na adui wanayemkimbia si papa wala si chui. Ni mjukuu waliyembeba mgongoni.

Waliofanya hayo wakiulizwa, wengi hujibu, "Tulikuwa tunajikinga." Ndiyo maana leo nimewapeleka kwa wanyama kwanza. Nionyesheni mnyama anayejikinga namna hiyo. Nungunungu hutikisa miiba mbele ya chui, wala haendi kumchoma mama yake. Swila huyatemea mate macho ya yule aliyemkaribia, wala hatemi ovyo kwa sababu jana aliona kivuli. Wahenga walisema kwamba aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ni kweli, na kushtuka si dhambi. Lakini wahenga hawakusema kwamba achukue panga akaukatekate huo unyasi, sembuse kumkata jirani aliyeketi juu yake.

Tena ngao isiyolingana na hatari huweza kumwangamiza mwenyewe. Mtazameni kakakuona. Akiona hatari hujikunja kama mpira, magamba yake yakawa nje, hata simba akachoka kumgeuzageuza. Lakini adui wake mkubwa sasa ni mwanadamu, na mwanadamu humwokota tu kama nazi na kumtia guniani. Uuzaji ulizidi hata mwaka 2016 mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona. Ngao iliyomfaa kwa simba haikumfaa kwa mwindaji. Ndivyo ilivyo kwetu. Adui akiwa sumu ya nyoka, panga haliwezi kumshinda. Adui akiwa malaria, kuchoma nyumba ya kizee hakumponyi mtoto. Ukimwua bibi leo, kifutu yuko pale pale njiani, na kesho asubuhi atauma mwingine.

Sasa tugeukie Neno la Mungu, katika Matendo ya Mitume sura ya 28. Mtume Paulo ameokoka baharini baada ya chombo kuvunjika. Yuko kisiwani Malta, mvua inanyesha, kuna baridi. Anaokota kuni aziweke motoni. Ndani ya kuni mna nyoka. Naye kwa kuhisi moto anatoka na kuushika mkono wa Paulo. Tuliokwisha kuwajua nyoka twaelewa yaliyotokea. Nyoka yule alikuwa amelala, akachomwa, akajitetea. Hakuna zaidi.

Lakini watu wa kisiwani walisema nini? Walisema kwamba mtu huyu bila shaka ni mwuaji, na ingawa ameponea baharini, haki haimwachi aishi. Wakangoja avimbe au aanguke afe. Walipoona muda mrefu umepita naye hakudhurika, waligeuza maneno wakasema kwamba ni mungu. Angalieni jinsi walivyokosea mara mbili. Kwanza mwuaji, kisha mungu, na Paulo hakuwa hiki wala kile. Alikuwa msafiri aliyekuwa akiokota kuni. Hata hivyo, ndugu, wapagani wale wanatuzidi kwa jambo moja: walingoja wakatazama. Hakuna aliyempiga Paulo jiwe. Na kwa sababu walingoja, kisiwa kile kilipata baraka. Baba yake Publio, mkubwa wa kisiwa, aliponywa homa kwa maombi ya mtu yule yule waliyemdhania kuwa mwuaji.

Nani ajuaye, mzee unayemwogopa leo ana baraka gani aliyokuwekea?

Na Bwana wetu mwenyewe, katika Yohana sura ya 9, alipoulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au ni wazazi wake, alikataa yote mawili. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Alifanya tope, akampaka macho, akamtuma akanawe. Kanisa linalomfuata Yesu, likikuta mgonjwa, kazi yake ya kwanza ni kumsaidia mgonjwa. Kumtafuta mchawi si kazi tuliyopewa.

Hapo nawaambia wazi watumishi wenzangu wa madhehebu yote. Yako maombi siku hizi ambayo katikati yake mtu husimama akasema, "Naonyeshwa mama mmoja mzee, anakaa upande wa mashariki wa boma." Baada ya maneno kama hayo, damu ikimwagika usiku, usiseme mikono yako ni safi kwa kuwa wewe hukushika panga. Anayepiga ukelele bila kutazama ndiye anayelitimua kundi.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, nanyi yashikeni.

La kwanza, tujikinge na hatari iliyo ya kweli. Fyekeni majani kuzunguka nyumba. Kuni zisirundikwe mlangoni, maana panya hufuata kuni na nyoka hufuata panya. Usiku tembea na taa na viatu. Laleni ndani ya chandarua kilichokunjiwa vizuri chini ya godoro. Kitawazuia mbu, na hata nyoka kitawapunguzia. Mtu akiumwa, msimchanje, msimfunge kamba ya kukaza, msinyonye jeraha. Mtulizeni, kile kiungo kisitikisike, mpelekeni hospitali mara moja. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, kwa kuwa wanaokufa ni wengi na wengi wao ni maskini kama sisi. Hatari hii ina jina lake. Tuiite kwa jina hilo.

La pili, ukelele ukisikika kijijini, awepo mkubwa wa kutazama juu. Wewe mzee wa mtaa, wewe mwalimu, wewe mama wa umoja, wewe mwenye neno linalosikilizwa pale matangani: usiitikie upesi. Uliza. Mtoto alikuwa na homa tangu lini? Alipelekwa zahanati? Daktari alisema nini? Na kabla hajafa, ni nani aliyekuwa akigombania shamba na huyo mzee? Maswali manne kama hayo yamtosha mtu mwenye nia ya kutenda haki. Na ukiona hasira imepanda, mtoe mzee pale mapema, mpeleke mahali pa salama, mwite chifu na polisi. Usingoje usiku uingie.

La tatu, vijana, ziheshimuni mvi. Katika Walawi sura ya 19, mstari wa 32, Mungu anatuamuru tusimame mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee, na papo hapo anaunganisha jambo hilo na kumcha yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtu hawezi kuinua mikono kanisani asubuhi na kuwaogofya wazee jioni. Kijana, kama bibi yako anapaka nywele zake rangi kwa hofu, nenda leo ukaketi naye. Mchotee maji. Kaa naye barazani mchana, watu wote wakuone. Wewe ndiwe ngao yake. Sengi ana baka lake la dhahabu, pimbi ana mwamba, na mzee ana wewe. Akikukosa wewe, Mungu alimpa nini kingine?

Nanyi wazee mnaonisikiliza kwa hofu, pengine redio mmeipunguza sauti jirani asisikie: Bwana anawaona. Msikae peke yenu na hofu hiyo. Mwambieni mchungaji, mwambieni imamu, mwambieni chifu, mwambieni mtoto mnayemwamini. Sengi akimwona adui angali mbali hupiga majani makavu ili ijulikane kwamba ameona. Kunyamaza si ngao wakati huu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyempa pimbi mwamba na pweza rangi zake, twakushukuru kwa kuwa hukukiacha kiumbe chochote bila kinga. Twakuomba uwatazame wazee wetu wa Kilifi na Malindi wanaolala leo usiku wakisikiliza hatua za miguu nje. Uwe ngome yao. Wafariji waliofiwa, wasitafute damu ya mtu kwa ajili ya machozi yao. Uwaamshe wakubwa wetu watazame kabla ya kunena, na uwape vijana wetu mioyo ya kulinda. Utuondolee hofu isiyo na macho, ututie hekima na upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.